Nyumbani Kwangu Hakuna Mwanamume

Mlioniacha wiki jana nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya jukwaa la mke wangu, bado nimekaa palepale. Laiti ningeondoka.

Kwa aliyekosa mwanzo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni fundi wa spika. Harusi, msiba, mnada, mkutano, pakisikika sauti kubwa mtaani kwetu ujue mkono wangu umepita. Mke wangu ni mkunga wa zahanati, na watoto wengi wanaopita mbele ya duka langu wakienda shule walipokelewa na mikono yake. Yeye ni Mkristo, mimi ni Mwislamu. Tulifunga ndoa bomani, ndugu wa pande zote mbili wakanuna, kisha binti yetu akazaliwa na minuno ikapungua.

Jumapili mimi ndiye humpeleka kanisani kwa pikipiki. Nikifunga, yeye ndiye huamka alfajiri kunipashia chakula. Tumegombania chumvi, tumegombania rimoti ya televisheni, tumegombania jirani wa kuazimwa ngazi na wa kunyimwa. Mungu hatukuwahi kumgombania.

Basi akaombwa agombee udiwani. Akaletewa mtu wa kumwongoza, mtanashati mwenye viatu vilivyochongoka, wote wanamwita Mshauri. Ndipo nilipoanza kupungua. Kwanza niliambiwa nivue kofia ninapofunga mitambo. Kisha nikaambiwa nikae nyuma ya jukwaa. Kisha mabango yakatoka, yale yenye picha tuliyopiga wawili, mimi nimekatwa. Ila aliyenikata hakuwa fundi mzuri. Aliusahau mkono wangu begani kwa mke wangu. Mtaa mzima ukanipachika jina la Mkono wa Bango.

Nilicheka nao. Nilijiambia kampeni ni mvua ya kupita.

Siku hiyo sasa, uwanja wa soko ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya meza za wauza mboga. Mke wangu alizungumza vizuri. Alisema habari za zahanati isiyo na maji, za kina mama wanaojifungulia sakafuni, za mtaro unaoingia majumbani mwa watu kila wingu likipita. Mimi huku nyuma vidole viko kwenye amplifaya, moyo umenijaa. Hata ukikatwa kwenye bango, mke akisema vizuri na wewe unajisikia umesema.

Ikafika zamu ya maswali. Kipaza sauti akapewa mzee mmoja mwenye baiskeli. Hakuwa mkali. Alisema wanampenda Mkunga, wajukuu zake wamepita mikononi mwake, lakini yako maneno mtaani kwamba kwake yuko mwanamume wa dini nyingine. Watu wanataka kujua, akishachaguliwa, nani atakuwa anaamua, yeye au huyo bwana.

Kupitia tundu la turubai nilimwona mke wangu akimtazama Mshauri. Mshauri akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Sauti ya mke wangu ilikuwa imeanza kukwaruza kwa vumbi. Mimi kwa mazoea ya kazi nikaisafisha, nikapunguza besi, nikamwinua kidogo. Kwa hiyo alichosema kilitoka safi, hata mafundi viatu walioko mwisho kabisa wa uwanja walikisikia.

"Nyumbani kwangu hakuna mwanamume," alisema. "Tupo mimi, mama yangu, binti yangu na Mungu wangu."

Uwanja ukalipuka kwa makofi.

Wengi wameniuliza kwa nini sikuchomoa waya. Sijui. Mtu akipata habari ya msiba huku anakata kitunguu, humalizia kwanza kukikata. Nilibaki nimeshika kitufe, sauti iko sawasawa, na mwenye kitufe hayupo.

Binti yetu alikuwa ameketi jukwaani, safu ya nyuma. Yeye alifuata dini yangu, na Mshauri alikuwa amemwomba aache hijabu nyumbani, ajitupie mtandio mwepesi. Nilimwona akiinuka. Akashuka ngazi za nyuma, akanipitia, akanishika bega, akaenda zake bila neno. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshabeba nguo zake kwenda kwa dada yangu, shangazi yake. Kwenye simu aliniambia atakaa huko hadi uchaguzi upite, kwa sababu akimwona mama yake atasema neno ambalo hataweza kulirudisha mdomoni.

Jua lilikuwa halijatua. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni.

Akaanza yeye. Alisema yale ni maneno ya jukwaani, hayana mizizi. Alisema Mshauri amepiga hesabu zake: msikiti umeshakwenda kwa mpinzani wao, Tajiri wa Mbao, kwa hiyo wao hawana budi kulikusanya kanisa lote asibaki hata mmoja. Uchaguzi ukipita atakuwa mke wangu tena mchana kweupe.

Nilimuuliza jambo moja tu. "Na hivi sasa wewe ni nani wangu?"

Akalia. Mke wangu si mtu wa machozi, alimzika baba yake macho makavu. Nikataka kumshika, mkono ukagoma.

Tukamsikia mama mkwe sebuleni anajikohoza. Mama huyu amekaa nasi tangu miguu yake ilipoanza kuvimba. Mimi ndiye humpeleka kliniki. Yeye huamka mapema kusali rozari yake, na akishaimaliza hunigongea ukuta nisipitwe na sala ya alfajiri. Tulipotoka tulimkuta amefunga kitambaa kichwani, mfuko wa dawa uko mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

"Mwanangu, nimesikia kwenye spika kwamba huna mume," alimwambia bintiye. "Sasa mimi hapa nimekaa kwa nani? Nyumba hii hakuijenga baba yako, wala hukuijenga wewe. Kama nalishwa na mwanamume asiyekuwapo, niambie, nitafute pa kwenda."

Mke wangu akamwomba asimtie chumvi kwenye kidonda.

"Kidonda umejichanja mwenyewe. Kila siku unawaambia wenzio kule leba kwamba mficha uchi hazai. Leo wewe umeficha nini? Na unategemea kuzaa nini?"

Nilimbembeleza mama mkwe hadi akakubali kurudisha mfuko ndani, lakini tangu hapo hakuzungumza na mwanawe zaidi ya salamu. Nyumba yetu haikuwahi kukosa kelele. Sasa kijiko kikianguka jikoni wote tulishtuka.

Msikitini nako sikupata ahueni. Hakuna aliyenitukana. Walinipa pole. Pole ya aliyefiwa unaipokea kwa mikono miwili, lakini pole ya aliyekanwa unatafuta pa kuiweka huoni. Jamaa mmoja alianza kueleza kwa sauti ya chini kwamba haya ndiyo malipo ya kuoa nje. Imamu akamkata kauli, akamwambia hapa watu wamekuja kusali, hawakuja kugawana wake za watu.

Haikupita muda, Tajiri wa Mbao akaja dukani kwangu mwenyewe. Aliingia taratibu, akasogeza spika mbovu, akakaa. Alinipa pole kwa maneno mazuri, aliniita ndugu yake katika imani, akasema aliyenidharau mimi ameidharau dini nzima. Alichotaka hakikuwa kikubwa, alisema. Nipande jukwaani kwake, nieleze nilichokisikia kwa masikio yangu, kisha nitamke talaka palepale mbele ya watu. Machozi yangu watayafuta wao. Wanawake wema hawajaisha.

Nitasema kweli, maana nisiposema kweli hapa nitasema wapi. Nilitamani. Kwa kitambo kidogo nilimwona mke wangu amesimama mahali, anasikia jina lake kutoka kwenye spika, na uwanja unapiga makofi kama ulivyopiga siku yangu. Nikaona utamu wake. Naomba Mungu asinionyeshe utamu ule tena.

Kisha nikamuuliza, jukwaani kwake wamekaa Wakristo wangapi?

Akacheka, akanipigapiga gotini. Alisema siku hizi si za kuchanganya mambo, watu wanataka kumwona mtu wao.

Hapo nikaona kwamba yeye na Mshauri hawajawahi kukaa meza moja, lakini wanakula chungu kimoja. Mmoja ananificha nisionekane, mwingine ananitoa nionekane, na wote wawili hawana haja na mimi.

"Mke wangu amenikana, hajanitukana," nilimwambia. "Wewe unataka mimi nimfanyie yote mawili."

Aliondoka akitabasamu, lakini hakurudisha spika alipoitoa.

Siku chache baadaye, mchana, mke wangu akaja dukani na sare yake ya kazi. Hajawahi kutoka leba mchana. Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono imelala mapajani kama si yake. Nikafunga mlango nusu.

Alinieleza kwamba asubuhi ile aliletwa mama mmoja, uchungu umeshamkaza. Mwislamu, na watoto wake wawili wa kwanza alizalishwa na mke wangu. Alipomwona anavaa glovu akabana magoti. Akamwomba amwitie muuguzi mwingine.

"Aliniambia, dada, kama wa ndani unamkana, mimi wa nje utanifanyaje?"

Alitoka akasimama koridoni na glovu zake mkononi. Mtoto alipolia, alimsikilizia mlangoni kama mpita njia.

Aliposema hivyo mkono wangu haukugoma tena. Tulikaa pale kwenye benchi, mafundi wawili, hatuna hata bisibisi ya kufungulia jambo lenyewe. Baadaye akajifuta uso kwa mkono wa sare.

"Fundi, nimechoka kuwa mtu nisiyemjua," alisema. "Jumamosi tunafunga kampeni. Nitakupandisha jukwaani mimi mwenyewe, na kofia yako kichwani. Wakininyima kura, waninyime."

Nikamuuliza habari za Mshauri. Alisema amemwambia asubuhi hiyohiyo, amekunja uso kidogo, kisha amekubali.

Ningekuwa na akili zangu ningejiuliza mtu yule anakubalije upesi namna ile. Lakini mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani. Nilimpigia simu binti yetu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akasema atakuja. Mama mkwe alipopata habari alidai kanzu yangu aipige pasi mwenyewe. Alikaa nayo sana, akiikandamiza kana kwamba inabishana naye, hadi nikaogopa ataiunguza. Usiku ule nilimsikia akimwita mwanawe aje wasali pamoja. Nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Jumamosi asubuhi nilifunga mitambo kama kawaida, nikiwa na ovaroli. Nilipomaliza nikamwachia fundi mwenzangu amplifaya, nikaenda kuoga, nikavaa. Uwanja ulijaa kuliko siku ile. Mama mkwe aliwekewa kiti mbele kabisa. Binti yetu akasimama nyuma yake, hijabu yake kichwani, mkono kwenye kiti cha bibi yake.

Mke wangu alizungumza kwa ufupi. Kisha akanyamaza, akageuka.

"Mume wangu, njoo."

Nikapanda. Miguu haikunionyesha ngazi, nilijikuta niko juu tu. Akanishika mkono mbele ya watu wote wale, akawageukia.

"Siku ile niliwadanganya, hapahapa," alisema. "Nyumbani kwangu yuko mwanamume, naye ni huyu. Yeye anasali kwake, mimi nasali kwangu, na sahani tunakula moja."

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia uwanjani, na viwanja ndiyo kazi yangu. Turubai tu lilikuwa linapigwa na upepo. Mtu mmoja akapiga makofi, peke yake. Alikuwa binti yetu. Wengine wachache wakamfuata, kina mama wa zahanati, na yule mzee wa baiskeli. Kisha kukaanza mnong'ono, na kule nyuma nikaona migongo. Watu walikuwa wanaondoka. Baba mmoja alimpandisha mwanawe mabegani, akaanza kupenya kuelekea barabarani.

Nilimbana mke wangu mkono. Waondoke, nilisema moyoni, waondoke wote. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na mke tena, na singebadilishana na mtu.

Ndipo Mshauri akaruka mbele, akakitwaa kipaza sauti mkononi mwa mke wangu, anacheka kama mwenye shughuli. Alisema wasiondoke, habari njema haijaisha. Mkunga ana haya, tamu yenyewe amemwachia yeye aiseme.

"Kesho Jumapili, ndugu zangu, mume huyu anabatizwa. Ameamua mwenyewe. Na leo atawathibitishia kwa kinywa chake."

Uwanja ukanyanyuka. Vigelegele vikapigwa, wimbo wa kanisani ukaanzishwa upande wa kulia na wa kushoto ukaupokea. Waliokuwa wanaondoka wakageuka, yule baba mwenye mtoto mabegani akawa wa kwanza. Wanaume nisiowajua walikuwa wanafuta machozi.

Nilimgeukia mke wangu, nikitegemea kuona hasira usoni mwake. Niliona machozi, na macho yametazama mbao za jukwaa. Ila mshangao sikuuona. Niliutafuta. Haukuwapo.

"Ulijua?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

Hakuinua kichwa. Alisema Mshauri alimwambia asubuhi ya siku hiyo, naye alikataa. Lakini alikataa kwa mdomo tu, na mimi hakunionya. Hakufikiri mtu yule angethubutu. Kisha akaubana mkono wangu kama wanavyomng'ang'ania yeye wanawake wa leba.

"Kubali tu, Fundi," alisema. "Neno moja tu. Tutalirekebisha baadaye."

Neno moja.

Mbele yangu mama mkwe alikuwa ameketi wima, hapigi makofi, ananitazama mimi tu. Mikono ya binti yetu ilikuwa imeshuka. Pembeni mwa uwanja niliwatambua vijana wa Tajiri wa Mbao, simu zao zimeinuliwa, wananipiga picha kwa utulivu wa watu ambao wamekwisha shinda jibu lolote litakalotoka.

Nikikataa, mke wangu, aliyetoka kutubu uongo mmoja, ataonekana amewaletea mwingine, na amekwisha. Nikikubali, kesho nitainama mbele ya Mola wangu nimwambie nini? Na huyo Mungu wa mke wangu, ninayempelekea mke kila Jumapili kwa pikipiki, sidhani anapenda kuletewa mtu kwa kitanzi.

Mshauri akaniwekea kipaza sauti mkononi. Akaupa uwanja ishara ya kunyamaza. Ukanyamaza.

Nilikuwa sijaamua. Naapa sikuwa nimeamua. Nilifungua mdomo nikitafuta la kusema, na ulimi, ambao siasa haujui, ukaanza kama unavyoanza kila jambo tangu nilipokuwa mtoto, kula, kusafiri, hata kuwasha mitambo.

"Bismillahi," nilisema, na spika zote za uwanja zikasema pamoja nami.

Wimbo ulikuwa umeshakatika. Hakuna aliyeuanzisha tena. Na vidole vya mke wangu, kimoja kimoja, vikaanza kuniachia.